Kikao cha mnazi na watoto, Kaloleni: shajara ya kuwaita watu mpaka waje

Jumapili, 22 Juni 2025: Tunaanza

Kikundi chetu ni cha wazazi na vijana wa kijiji kimoja cha Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Tunaweka na kukopeshana kila Jumapili. Safari hii tumekubaliana kutoa sehemu ya akiba kwa jambo ambalo kila mtu analilalamikia na hakuna anayeligusa: watoto wa gredi ya sita na ya saba wanakunywa mnazi, yaani tembo, pombe ya utomvu wa mti wa mnazi. Tunataka kikao kimoja kikubwa kabla muhula wa tatu haujafunguliwa, wakae pamoja wazazi, wagema, wauzaji na vijana, na watoke na makubaliano.

Mimi ndiye katibu na ndiye ninayeandika. Naandika kwa ajili ya vikundi vingine vitakavyotaka kujaribu, viwe Rabai, Ganze au Magarini. Yanayojulikana na kila mtu, kama kuomba uwanja na kuchapisha karatasi, nitayapita mbio. Nitakaa pale tulipokwama, na kila shilingi iliyotoka itaonekana.

Kwa asiyetujua: mnazi hapa si kitu cha kichochoroni. Ugemaji ni kazi na umesomesha watu hadi chuo. Mahari ya Mgiriama haikamiliki bila kadzama, ule mnazi wa mahari, na wazee huwamwagia koma, mizimu ya waliotangulia, mnazi kabla ya kuanza jambo zito. Anayekuja na hotuba ya "acheni mnazi" hafiki sentensi ya pili akiwa na msikilizaji. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema aliye chini ya miaka 18 asinywe, asiuziwe, na asitumwe kwenda kuuchukua. Hilo la kutumwa ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mtoto hujifunza njiani, akiwa na kidumu mkononi na kiu ya jua la saa nane.

Jumamosi, 12 Julai: Kikao cha kwanza

Viti 150, watu 23.

Tulifanyia kwenye ukumbi wa kanisa, saa nne asubuhi. Mabango yalikuwa yamebandikwa wiki nzima: madukani, kwenye steji ya bodaboda, kwenye mti wa kituo cha matatu. Bodaboda moja ilizunguka na kipaza sauti Ijumaa jioni. Mgeni wa heshima alichelewa, na alipofika alisoma karatasi zake kwa Kiswahili cha ofisini mpaka watoto waliokuja na mama zao wakalala sakafuni. Waliokuja karibu wote ni akina mama wa kwaya, ambao majumbani mwao mnazi hauingii. Akina baba walikuwa wawili. Mgema hakuja hata mmoja, na muuzaji vivyo hivyo.

Matumizi: hema 2,500, viti 1,500, spika na maiki 3,000, mabango 40 kwa 1,200, maji ya chupa 900, bodaboda ya kutangaza 700. Jumla shilingi 9,800, yaani zaidi ya 420 kwa kila aliyekaa kitini. Mweka hazina wetu alizima simu mpaka Jumatatu.

Jumanne, 15 Julai: Kuwauliza wasiokuja

Tuligawana njia, kila mmoja akawaulize wale ambao hawakufika, bila kuwahubiria. Hili ndilo tungelifanya kabla ya kukodi hata kiti kimoja, na ndilo ninalomshauri anayeanza leo.

La kwanza ni bango. Kijana aliyetuchorea aliweka chupa ya bia na fuvu la kichwa. Kijijini kwetu bia ya chupa ni ya harusi na ya wanasiasa. Mzee mmoja aliliangalia bango lile kila siku akienda dukani, akaniambia kwa upole kabisa, "Nilidhani ni mambo ya baa za Mariakani." Mnazi haukuonekana popote, si kidumu, si mrija, si mboko, kile kibuyu cha kugemea.

La pili ni siku na saa. Jumamosi ni siku ya matanga. Kukiwa na mazishi, na mara nyingi yapo, hakuna kikao kitakachoshindana nayo. Kisha saa nne wagema wengi wanakuwa bado wanashusha na kupeleka mnazi wa asubuhi. Tuliwaita watu wakati wa kazi yao, halafu tukasema hawajali watoto.

La tatu ni mahali. Waislamu hawakutaka kuingia ukumbi wa kanisa, wazee wa kaya, wenye kushika mila, nao hawakutaka, na wapo Wakristo wa dhehebu jingine waliosema hilo kanisa si lao.

La nne lilisemwa na mama mmoja anayeuza mnazi karibu na barabara. Nilimkuta akisuuza vidumu. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, nyinyi mnaniita nije nisutwe mbele ya watu. Watoto wangu wanne nimewalea kwa hivi vidumu. Nikija, wote watanigeukia mimi. Na chifu akiwa hapo, nitarudi nyumbani kweli?"

Nilimwambia chifu hangekuja kukamata mtu. Akaniuliza nimejuaje. Sikuwa na jibu.

La tano ni posho. Miaka mingi mashirika yamekuja hapa na semina zenye nauli na soda, na watu wamezoea kuuliza "kuna kitu?" kabla ya kuuliza habari ni gani. Siwalaumu. Mtu akiacha kibarua cha siku, watoto wake jioni watakula nini?

Kuna jingine ambalo hakuna aliyelitaja waziwazi ila lilijitokeza kila nyumba. Ukianzisha habari za muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, watu wanaongea mpaka usiku. Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, kijiji kizima kilikuwa na maoni. Muguka unatoka kwa wenzetu wa Embu, kwa hiyo ni rahisi kuutukana. Ukigeuza mazungumzo kwenye mnazi, mwenyeji wako anakumbuka ana mbuzi wa kufunga.

Jumapili, 20 Julai: Mpango mpya

Tumebadilisha karibu kila kitu.

Mahali: palizuka wazo la kufanyia mangweni kwenyewe, mnazi unakouzwa na kunywewa, kwa kuwa ndiko watu waliko. Lilipendwa sana mpaka mmoja wetu akauliza watoto watakaa wapi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ambayo watu bado wanaiita sheria ya Mututho, hairuhusu mwenye leseni kumwachia aliye chini ya miaka 18 aingie panapouzwa pombe. Tungewaita watoto mahali pale pale tunapowaambia wasiende. Tumechagua chini ya mwembe wa mashine ya kusaga. Kila nyumba huleta mahindi pale, dini zote, na mangwe mbili zinaonekana kutoka hapo, kwa hiyo mtu anaweza kusimama mbali akisikiliza bila kujionyesha.

Siku na saa: Alhamisi, 14 Agosti, saa tano asubuhi hadi saa saba. Mgema hupanda alfajiri na hupanda tena jioni. Saa tano mnazi wa asubuhi umeshafika kwa wauzaji na wateja wa jioni bado. Ni likizo, watoto wapo nyumbani. Alhamisi haina matanga makubwa, haina sala ya Ijumaa.

Mwaliko: mabango hayapo tena. Tumechapisha kadi ndogo, nne kwa karatasi moja, na kila kadi inapelekwa mkononi na mtu anayemjua mwenye nyumba. Anayealika si kikundi. Ni mgema mmoja mzee ambaye amegema tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na ambaye mjukuu wake aliokotwa amelala kando ya njia mwaka jana. Alikubali bila kubembelezwa. Kila tulipopita tulimtaja: mzee fulani ndiye anayewaita.

Posho: hakuna. Badala yake chai, mahamri na mbaazi, na kadi inasema hivyo wazi ili mtu asije akitarajia bahasha. Wawili katika kikundi walipinga, wakasema hatutapata watu. Tulipiga kura.

Alhamisi, 24 Julai: Barua

Nilipeleka barua ya kikao polisi mapema ili nionekane mwangalifu. Ikarudishwa. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ya mkutano wa hadhara itolewe angalau siku tatu kabla, lakini isizidi siku kumi na nne kabla. Mimi nilikuwa na wiki tatu. Nauli ya kwenda na kurudi ilienda bure, 300. Kama chifu ndiye angeitisha baraza, barua ingekuwa juu yake, ila tulikuwa tumeamua chifu asiwe mwitishaji kwa sababu ya yale niliyoambiwa kwenye vidumu. Nitairudisha tarehe 4 Agosti.

Chifu mwenyewe tulimwendea naibu wake akiwepo. Tulimwomba aje kama mzazi, bila askari, akae katikati ya watu, na aongee mwishoni. Alicheka, akasema hajawahi kualikwa akanyamaze. Lakini alikubali.

Jumamosi, 26 Julai: Matangani

Hapa tuliumia, na nitaeleza kirefu kwa sababu kila kikundi cha Kilifi kitajaribu njia hii.

Ukitaka kuwapata watu wote wa kijiji siku moja, nenda matangani. Na matangani ndiko watoto wengi wanakonywa mara ya kwanza, kwenye disko la usiku. Machifu wamepiga marufuku disko matanga mara nyingi na bado zinapigwa. Sababu ni pesa: familia iliyofiwa ina deni la mochari, la jeneza na la chakula, na disko ndilo linaloleta michango. Ukifunga disko bila kusema deni litalipwa na nani, umeifungia familia mlango.

Tuliomba nafasi kwenye matangazo kabla ya maziko. Tulipewa dakika mbili. Kijana wetu, mwenye moyo mzuri na ulimi mwepesi, akasimama mbele ya jeneza akasema njooni tarehe 14 tuzungumze jinsi disko matanga zinavyoharibu watoto. Spika za disko la usiku uliopita zilikuwa bado zimesimama nyuma yake. Kaka wa marehemu alimnyang'anya maiki. Wanawake wakanung'unika. Tuliondoka kabla ya chakula, na kwetu kuondoka matangani bila kula ni jambo linalosemwa mwezi mzima.

Jumatatu tulirudi kwa ile familia na mzee wa mtaa, tukaomba radhi na kutoa mchango wa 1,000 kwa deni la mochari. Pesa hiyo haikuwa kwenye bajeti. Wanachama walichanga palepale. Kaka wa marehemu akatuambia jambo la maana: "Hamkukosea maneno. Mmekosea mahali." Akasema kama tunataka watu wa disko, tumwendee mwenye muziki nyumbani kwake.

Tukamwendea. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana jenereta, spika nne na vijana wawili wa kubeba. Badala ya kumhubiria, tulimwomba atukodishie muziki wake siku ya kikao. Alianza na 4,000, tukaishia 2,500. Baada ya kulipwa arubuni akaanza mwenyewe kutangaza kikao chetu kila anapopiga, katikati ya nyimbo, bila kuombwa. Katika matangazo yote tuliyofanya, hili ndilo lililowafikia vijana, na halikuongeza gharama hata shilingi.

Jumamosi, 2 Agosti: Habari za miaka 21

Jumatano, tarehe 30 Julai, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alizindua sera mpya ya taifa ya pombe na dawa za kulevya. Ndani yake mna pendekezo la kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21. Kufikia Alhamisi jioni habari hiyo ilikuwa kwenye kila simu ya steji, na kufikia Ijumaa kijiji kizima kilijua sisi ndio tuliotumwa kuileta.

Vijana wa bodaboda wa miaka 19 na 20 walikuwa wakali. Kadi zetu zilichanwa mbele yangu. Mmoja akaniuliza, "Kura napiga, kitambulisho ninacho, abiria nabeba, halafu mnazi wa babu yangu nikae nikiutazama?" Nilitaka kubishana, na ni vizuri sikubishana.

NACADA yenyewe, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ilikuwa inaeleza kwamba sera si sheria, na kwamba kilichopo bado ni miaka 18. Tulifanya mambo mawili. Kwanza tulichapisha upya kadi zilizobaki na kuongeza mstari mmoja: "Sheria ni ileile, miaka 18. Hatuzungumzii wenye vitambulisho." Pili, tukawapa vijana wa steji dakika kumi za mwanzo za kikao waulize lolote kuhusu hiyo sera, kabla ya mtu yeyote kuhutubia. Mwenyekiti wa steji alipoona jina lao limeandikwa juu kabisa ya ratiba, akachukua kadi ishirini akagawe mwenyewe.

Wakati huohuo mgema wetu mzee akaanza kusumbua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulikuwa tumemsifu kila nyumba. Sasa anataka alipwe kwa kutumiwa jina lake, na kikao kifanyike uani kwake. Tulimtuma mke wake mkubwa akazungumze naye. Yaliyosemwa hatukuyajua, ila kesho yake alikuja mwenyewe kuuliza ataanza kuongea saa ngapi.

Jumatano, 6 Agosti: Majaribio ya puto

Shida ya zamani: wazazi wengi hapa humpa mtoto mnazi mtamu wa asubuhi wakiamini si pombe. "Ni kama madafu." Ukiwaambia umeshaanza kuchacha tangu ukiwa juu ya mti, hawaamini, kwa kuwa mdomoni hausikiki. Afisa wa kliniki wa zahanati, ambaye ndiye msemaji wetu wa afya, alitaka kuleta chati. Tulimwambia chati zilishindwa tarehe 12 Julai.

Wazo la puto lilitoka kwa mwalimu mmoja aliyestaafu: weka mnazi mtamu kwenye chupa, vika puto mdomoni, hewa inayotoka kwenye kuchacha italijaza. Tuliona ni rahisi, na ilitutoa jasho.

Chupa ya kwanza ilikuwa mpya na tuliisuuza kwa maji ya moto. Tuliijaza mpaka shingoni. Kufikia saa tano puto lilikuwa limelegea vilevile. Kumbe chachu inakaa kwenye mboko na vidumu vya mgema vinavyotumika kila siku; sisi tulikuwa tumeosha kila kitu kama wauguzi. Ya pili tuliitolea mnazi kwenye mboko ya kawaida. Ikachacha vizuri mno: povu likapanda likaingia kwenye puto, puto likaruka likapiga ukuta. Ya tatu puto lilivuja shingoni, likasimama nusu.

Kinachofanya kazi: chupa ya soda ya nusu lita, mnazi wa alfajiri kutoka mboko inayotumika, ujazwe mpaka nusu tu, puto lililonyooshwa kwanza kwa kupulizwa mara moja, na shingo ifungwe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Iwekwe mahali penye joto, si kwenye jua kali. Ukifunga saa tatu asubuhi, saa sita puto limesimama wima kama kichwa cha mtu. Puto na chupa zote, 150.

Habari ya puto ilivuja kabla ya kikao. Watoto walituona tukijaribu, na jioni kila nyumba ilikuwa inauliza kuna mazingaombwe gani kwa mashine. Tuliacha waulize.

Alhamisi, 14 Agosti: Siku yenyewe

Saa tano kamili, watu kumi na wawili. Moyo ulinidunda. Saa tano na nusu mashine ikazimwa na sauti ya muziki ikasikika vizuri, watu wakaanza kutoka kwenye vichochoro. Hiyo mashine karibu ituharibie: tulikuwa tumesahau kwamba injini ya dizeli na maiki haviwezi kuishi pamoja. Mwenye mashine aliomba 500 kwa saa mbili za kutosaga, akapewa. Na waliokuwa kwenye foleni na ndoo za mahindi hawakuwa na pa kwenda, wakakaa.

Walioandikisha majina ni 131, mbali na watoto. Wagema tuliowahesabu ni kumi na saba. Mama wa vidumu hakuja kukaa; alisimama kwenye kona ya duka tangu mwanzo hadi mwisho, leso mabegani.

Vijana wa steji walitumia dakika zao kumi zikawa ishirini na tano. Waliachwa. Walipomaliza kuilalamikia serikali walikuwa wametulia, na walikaa mpaka mwisho kwa sababu walishasikilizwa. Mzee wetu aliongea Kigiriama, kwa ufupi, habari za mjukuu wake. Afisa wa kliniki naye alitumia Kigiriama. Alieleza kwamba mtoto akinywa tumbo likiwa tupu, sukari ya damu inaweza kushuka ghafla kuliko kwa mtu mzima, akalegea, akapoteza fahamu, na kwamba ubongo unaendelea kujengeka hadi mtu anapopita miaka ishirini. Chupa tatu zilikuwa mezani mbele yake tangu saa tatu. Hakuzitaja. Watu ndio walioanza kunyoosheana vidole, puto la katikati liliponyanyuka. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akauliza kwa sauti, "Huo ni ule mtamu?" Mgema aliyeuleta akajibu, "Ni ule mtamu, nimeushusha leo."

Makubaliano yalichukua nusu saa ya kelele. Yalipita matatu: muuzaji hampi mtoto kidumu hata akitumwa na babake, mtoto hapewi mnazi, hata wa asubuhi, na kwenye matanga, disko lizimwe saa nne usiku, na kikundi kianzishe mfuko wa kusaidia deni la mochari. Hilo la tatu lilipendekezwa na mwenye muziki mwenyewe. Pendekezo la kutoza faini lilikataliwa, na nadhani ni sawa. Hakuna ambaye angeikusanya.

Chifu aliongea dakika tano. Alisema ataipa namba ya NACADA, 1192, isiyolipishwa, kila mzee wa nyumba kumi, kisha akala mbaazi.

Matumizi: viti 60 kwa 600 (wengine walikaa kwenye mikeka na magogo), muziki 2,500, mashine 500, mahamri 300 kwa 1,500, mbaazi kilo nane 1,280, nazi 500, chai na sukari 1,020, kadi 100, puto na chupa 150, bodaboda za kuwaleta wazee 800, muda wa maongezi 250. Jumla 9,200. Ni kama shilingi 70 kwa kila mtu. Ukitaka kuwa mkweli kabisa, ongeza 300 za barua na 1,000 za kuomba radhi.

Mahamri yaliisha saa sita. Tungekaanga 400.

Jumapili, 24 Agosti: Inavyokwenda

Wauzaji wengi wameshika neno. Mama wa vidumu ndiye mkali kuliko wote. Amemrudisha mtoto wa jirani yake mikono mitupu, na jirani akaja kugombana. Mmoja amekataa waziwazi na anasema hakutia sahihi popote. Ni kweli, hakutia.

Tatizo ambalo hatukuliona: wazee wasiojiweza. Babu mwenye mguu mbovu alikuwa akimtuma mjukuu kila jioni. Sasa hana wa kumtuma na anatulaumu sisi kwa jina. Mwenyekiti wa steji amekubali bodaboda ziwapelekee wazee hao kwa shilingi 20, zikiwa njiani. Wawili wanatumia huduma hiyo. Wa tatu anasema 20 ni nusu ya raha yake.

Jumamosi, 27 Septemba: Mfuko na Desemba

Mfuko wa mochari una 6,450. Umeshasaidia familia moja, na disko lao lilizimwa saa tano badala ya saa nne. Familia nyingine ilikataa msaada na kupiga muziki hadi alfajiri. Mwenye muziki alikataa kwenda, wakaleta mwingine kutoka mbali ambaye hatumjui. Hilo bado halijatatuliwa, na likizo ndefu inakuja.

Kikao cha Desemba kitafanyika Alhamisi vilevile, saa ileile, na safari hii kadi zinapelekwa na wauzaji. Kwa kikundi kinachotaka kuiga: kadi yetu, ratiba ya kikao na barua ya polisi yenye tarehe sahihi ziko kwa mweka hazina. Simu yake sasa iko hewani. Njoo Jumapili saa tisa, na shilingi tano za fotokopi kwa kila ukurasa.